Kidari cha Mjomba: Jinsi Seneta Wetu Alivyofika Johannesburg

Mmeniuliza kazini, mmeniuliza kanisani, na juzi mmeniuliza hata matangani marehemu akiwa bado hajazikwa: ilikuwaje hadi seneta mzima akaonekana Johannesburg amekaa nyuma ya gari na mbuzi? Nimechoka kusimulia vipande vipande. Kila nikikaribia mwisho anaingia mtu mwingine, anavuta kiti, ananiambia nianze upya. Basi nimeamua kuandika. Uchaguzi umepita, kwa hiyo sina tena wa kumharibia.

Kwa asiyenijua, mimi ni Mwalimu Pendo, mdogo wake mke wa seneta. Seneta ni shemeji yangu, na shemeji kwetu ni mtu wa kutaniwa, kwa hiyo nitakayoyasema humu nina haki nayo. Mnakumbuka kaunti yetu ilivyokuwa mwaka huo wa 2017. Kile chama kikubwa kilikuwa kimeishika yote, hata watoto wakiruka kamba waliimba nyimbo zake. Watu walikuwa wameapa kupiga suti, viti vyote sita kwa chama kimoja, na shemeji alikuwa upande wa pili, anatetea kiti chake kwa chama ambacho mkutano wake mkuu ungeweza kufanyika sebuleni kwa dada yangu. Mara ya kwanza alipita kwa sababu moja tu. Bonde la ukoo wa mama yake lilimpa kura karibu zote. Safari hii bonde lilikuwa limenuna.

Lilinuna kwa sababu ya nyama. Kwetu mtu akifanya karamu kubwa, kidari cha mbuzi ni haki ya mjomba wake, naye hukipokea kabla mtu mwingine hajatia kitu mdomoni. Siku ya karamu ya ushindi, kidari kilipelekwa kwa mgeni kutoka makao makuu ya chama, mtu ambaye hata hakukimaliza. Mjomba Zakaria, kaka pekee wa mama yake shemeji, akapewa utumbo. Aliondoka akamfuata binti yake Riziki huko Johannesburg, na tangu hapo hakurudi. Wazee wa bonde wakamwambia shemeji bila kuficha: kamridhishe mjomba wako. Akitupigia simu kwa mdomo wake kwamba mmepatana, tutakusikiliza. Asipopiga, usitupotezee muda.

Mtauliza kwa nini hatukupanda ndege. Shemeji alikuwa ameapa jukwaani, mkono mmoja hewani, kwamba hatapanda ndege mpaka barabara ya bondeni iwekwe lami. Hakuna aliyemlazimisha. Makofi yalimpanda kichwani. Basi dada yangu akaichukua likizo yangu ya Aprili, akanipa kazi mbili: nihakikishe anakula, na nihakikishe hahutubii. Ya kwanza niliiweza.

Nyumbani hadi Tunduma

Habari za tiketi na mihuri nitaziruka, maana hata mimi zilinichosha. Nianze Dar es Salaam, tulipopanda basi la kwenda Tunduma, mpakani na Zambia. Shemeji aliingia, akaanza kuwapa abiria mkono mmoja mmoja kuanzia kiti cha mbele hadi cha nyuma, anauliza habari za nyumbani na za mazao. Ni mazoea tu, hata kwenye kioo hujisalimia. Lakini ndani ya basi la mikoani mtu nadhifu anayesimama katikati na kutabasamu ana kazi moja inayojulikana. Bibi mmoja aliyekaa karibu na dirisha akamsubiri kwa heshima amalize, kisha akamwuliza dawa ya mgongo anauzaje.

Shemeji akamweleza kwamba yeye ni seneta. Bibi akauliza hiyo inatibu nini. Nilicheka mpaka nikaomba maji.

Kabla ya Mbeya basi likaharibika, tukakaa kando ya barabara tukila viazi vya kuchemsha na kachumbari kwa mama mmoja aliyekuwa na kibanda hapo. Shemeji hakuweza kuona watu wamekusanyika wakakaa bure. Nilipogeuka kutafuta chumvi, nikasikia nyuma yangu, "Wananchi wenzangu." Nikamwambia hawa ni wananchi wa rais mwingine. Akasema dhiki haina mpaka, akaendelea, hadi fundi alipomwomba amshikie tochi.

Zambia bila seneta

Zambia ni ndefu, jamani. Unalala, unaamka, unakuta bado ni Zambia. Nilichokiona zaidi ni lami, na shemeji naye hakuona kingine. Kila tukipita mahali palipo laini anapiga mluzi mdogo wa uchungu. Mwishowe akamwuliza jirani yake, kijana mfanyabiashara wa vipuri, seneta wa sehemu zile ni nani, maana anaonekana mchapakazi. Kijana akamwambia Zambia haina maseneta.

"Hawana seneta na bado wana lami," nikasema.

Shemeji hakunisemesha mpaka Lusaka. Huko tukala ugali wao, wanauita nshima, na samaki wa ziwani, na njaa ikatupatanisha. Nilipomwona ananyonya kichwa cha samaki nikajua amenisamehe.

Zimbabwe hadi mto Limpopo

Zimbabwe ugali uleule ukabadilishwa jina, ukawa sadza. Shemeji akasema Afrika ni moja, kinachotugawa ni majina ya ugali. Sentensi hiyo ilimpendeza, akaniomba nimkumbushe aitumie kwenye kampeni. Nimeikumbuka leo.

Mpakani na Afrika Kusini foleni ilikuwa ndefu, na jua lilikuwa kali. Mbele yetu kulikuwa na mama mmoja mchuuzi, mcheshi, mwenye mabunda mengi kuliko mikono. Akamkabidhi shemeji mfuko bila kumwuliza, akamwambia amshikie na akisikia njaa ale. Shemeji akautazama, akaona vitu vyeusi vilivyokauka, akadhani ni dagaa. Akala konzi nzima. Akasema dagaa hawa wana nyama kuliko wa kwetu. Mama akamwambia si dagaa, ni viwavi wa mti fulani, ni kitoweo cha heshima.

Nilimtazama shemeji. Alikuwa bado ana mdomo uliojaa. Watu kadhaa kwenye foleni nao walikuwa wanamtazama waone mgeni atafanyaje. Mwanasiasa hatemi chakula cha watu. Akatafuna, macho yakamtoka machozi, akameza, akasema asante mama. Kisha akanikabidhi mfuko, akaenda kusimama peke yake nyuma ya lori.

Marshalltown

Johannesburg tulifika asubuhi, miguu yetu imevimba na suti ya shemeji imekunjamana. Riziki alikuwa ametuambia tumtafute Papa Deo, fundi cherehani Mkongo mwenye banda lake Marshalltown, katikati ya mji, jirani na saluni anayofanyia kazi Riziki. Yeye ndiye angetupeleka kwa mjomba kwa gari lake.

Marshalltown ni majengo marefu ya ofisi juu, na chini kando ya njia ni biashara: soksi, mahindi ya kuchoma, chaja za simu, watu wanasukwa nywele kwenye viti vya plastiki. Tulikuwa tunapita hapo, mimi ninaburuta sanduku, mara shemeji akasimama ghafla. Alikuwa amesikia Kiswahili. Mama mmoja muuza vitenge alikuwa anabishana na kijana kwa Kiswahili, na mwingine anamjibu kutoka ng'ambo ya barabara.

Mwajua, shemeji maishani mwake hajawahi kukutana na mtu anayesema Kiswahili ambaye hana uwezekano wa kumpigia kura. Kabla sijaweka sanduku chini alikuwa amepanda juu ya kreti la soda.

Niseme ukweli, ilikuwa hotuba nzuri kuliko zote alizotoa mwaka ule. Watu waliacha biashara. Alizungumzia mbali tulikotoka, watoto wanaosahau lugha, pesa tunazotuma nyumbani na hatujui zinafanya nini. Mama mmoja akafuta macho. Kijana akauliza habari ya makaratasi ya kuishi pale, shemeji akaahidi kuifuatilia mwenyewe. Wakapiga makofi, wakapiga vigelegele, mtu akasema amina. Shemeji akaniambia nipige picha, nikapiga, akaituma palepale kwenye kundi la kampeni la WhatsApp na maneno kwamba wana wa kaunti walioko ng'ambo wamempokea.

Ndipo mtu mnene mwenye futi ya kupimia shingoni akaja kutusalimia. Ndiye Papa Deo. Alikuwa amesikiliza yote kutoka mlangoni kwake.

"Papa Seneta, unasema muzuri sana," akasema. "Lakini mimi niko wa Uvira. Ule mama wa vitenge ni wa Bujumbura. Ule kijana wa makaratasi ni wa Kalemie. Hapa utapata makofi mingi. Kura ya kwenu, hata moja hakuna."

Shemeji akautazama umati wake. Umati ukampungia mkono.

Yangeishia hapo ingekuwa nafuu. Lakini tukiwa bado tunakunywa chai kwa Papa Deo simu ikaanza kulia bila kukoma. Ukutani nyuma ya shemeji, pale alipopigwa picha, kulikuwa na tangazo la mganga, yale yanayobandikwa kila ukuta wa mji ule, kwamba anarudisha mpenzi aliyepotea. Mimi sikuliona. Wapinzani wetu waliliona. Walikuwa wameikuza picha na kuandika kwamba seneta amekwenda Afrika Kusini kwa mganga kurudisha kura zilizopotea. Kabla ya chai kwisha, habari ilikuwa imefika bondeni. Mzee mmoja wa ukoo akapiga simu, akauliza kama ni kweli. Shemeji akamweleza. Mzee akasema sawa, tutamsikia mjomba mwenyewe, akakata. Hapo nikaona shemeji anaweka kikombe chini bila kumaliza chai, nikaacha utani kwa muda.

Alexandra

Nyama haivuki mipaka, kwa hiyo mbuzi alikuwa lazima apatikane kulekule. Papa Deo akatupeleka Alexandra kwa kigari chake cha mizigo, kile wanachokiita baki. Alexandra imebanana, nyumba juu ya nyumba, na ukiinua macho unaona maghorofa ya Sandton yanang'aa hapo karibu kabisa. Muuzaji alikuwa bibi aliyekaa kwenye kiti kando ya zizi la mabati. Hauzi mbuzi kwa mtu yeyote tu. Kwanza anataka kujua ni wa shughuli gani. Harusi ana wake, wa mizimu ana wake.

Papa Deo akamfasiria: huyu ni mtu mkubwa kwao, alimnyima mjomba wake nyama ya heshima, amekuja kuomba radhi. Bibi akasema, "Eish," akatikisa kichwa kwa muda mrefu. Akasema kwao Wazulu pia mjomba si mtu wa kuchezewa, na kwamba kosa la namna hii halitaki mbuzi wa bei rahisi. Akatuchagulia beberu mweupe mwenye uso wa dharau. Akatuonya: njiani akilia, jambo limekubaliwa. Asipolia, tusijisumbue.

Beberu hakulia. Mbele ya baki palikuwa na nafasi ya Papa Deo na mtu mmoja, na magoti yangu mnayajua, kwa hiyo shemeji alikaa nyuma na mbuzi. Kila tukisimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, nilikuwa nasikia anambembeleza alie. Alimpapasa, akamvuta sikio, akamlilia yeye mwenyewe ili amwonyeshe. Watu wa magari ya pembeni wakishusha vioo kutazama, shemeji anainua mkono na kuwapungia. Nao wakampungia. Nikawaza, hapa angepita bila kupingwa.

Observatory

Observatory ni mtaa wa mlimani, wenye kuta ndefu na mbwa nyuma ya kila ukuta. Mjomba Zakaria alikuwa mlinzi wa jengo moja la fleti huko. Tulimkuta getini amevaa sare, amenyooka, redio kiunoni. Alitutazama sote, na mbuzi, kama watu wasiojulikana.

"Mnamtembelea nani?" akauliza.

"Wewe, mjomba," akasema shemeji.

"Mimi sikai hapa. Hapa nalinda."

Akatuambia zamu yake bado haijaisha, na kwamba mbuzi haruhusiwi kusimama getini. Basi seneta wa kaunti yetu akashinda mchana ule anamtembeza beberu kupanda mlima na kushuka, mbwa wanambwekea kila ukuta, hadi mpangaji mmoja akatoka akamwuliza kama anakata nyasi na kwa siku anatoza vipi. Papa Deo alitununulia kota dukani, robo ya mkate iliyotobolewa na kushindiliwa chipsi na soseji. Shemeji hakula. Hapo ndipo kazi yangu ya kwanza nayo karibu initoke.

Zamu ilipokwisha mjomba akapita mbele yetu, tukamfuata hadi chumba cha uani alichopanga na Riziki, kwenye mteremko wa pili. Riziki akatupokea kwa kumbatio. Binti mdogo wa Riziki hakujibu salamu zetu ila kwa Kizulu, lakini Kiswahili chote alikuwa anakisikia, na kabla hatujakaa alikuwa ameshampa mbuzi jina. Na yule beberu aliyenyamaza kutoka Alexandra, mjomba alipovuka kizingiti, akapaza sauti moja ya kutisha. Papa Deo akavua kofia. Akasema, "Imekubaliwa."

Sikuamini, ila moyo ulinitulia kidogo.

Papa Deo alichinja, Riziki akachoma. Mtoto akasusa, akala kota. Sasa ikaja sehemu niliyokuwa naiogopa tangu Dar es Salaam. Kidari hutolewa kimya. Mtoaji hupiga magoti, anashika sinia kwa mikono miwili, na hasemi neno lolote mpaka mjomba aseme naye. Kwa mtu mwingine ni jambo dogo. Shemeji yangu hunena hata usingizini.

Alipiga magoti. Mjomba akavua viatu, akavipanga. Akanawa. Akamwomba Riziki chai, akainywa yote, polepole, akitazama ukuta. Sinia likaanza kumwelemea shemeji. Nikaona midomo ya shemeji inacheza, hotuba nzima imemjaa mle ndani inatafuta mlango, nikamkazia macho ninayowakazia darasa la nne. Aliimeza kama alivyowameza wale viwavi.

Hatimaye mjomba akamtazama.

"Kura zako zinatosha?"

Shemeji akatikisa kichwa.

"Zingetosha, ungekuja?"

Hapo nilifumba macho. Jibu la mwanasiasa lilikuwa linajulikana, hata mbuzi angelitoa. Na wote mle chumbani tulijua si la kweli. Bonde lote lilikuwa linasubiri simu moja, na simu ilikuwa mfukoni mwa mzee huyu. Shemeji akalishika sinia vizuri.

"Nisingekuja, mjomba," akasema.

Nikasikia mafuta yanachuruzika kwenye jiko. Mjomba akanyoosha mikono yote miwili, akapokea sinia. Akamega, akatafuna.

"Chumvi imezidi," akasema, na akamwambia mpwa wake anyanyuke akae karibu naye. Riziki akaanza kulia, nami nikamsaidia.

Baada ya kula mjomba akapiga simu bondeni, akaweka sauti ya wote wasikie. Wazee walikuwa wamekusanyika wanangoja. Akawaambia mpwa wake amefika, na kidari amekila. Yule mganga mnayemsikia ni mimi, akasema, na dawa yake ilizidi chumvi. Huko wakacheka. Shemeji akanigeukia na uso wa mtu aliyeshinda tayari. Lakini mjomba alikuwa hajamaliza.

"Sasa nisikilizeni. Msijifiche tena nyuma ya kidari changu. Mkimpa kura, mpeni kwa kazi aliyofanya. Mkimnyima, mnyimeni kwa barabara yenu. Mimi na mwanangu tumemaliza."

Akakata simu, akaomba maji ya kunawa. Shemeji alibaki amekaa, tabasamu bado liko usoni, ila macho yalikuwa yameshakwenda zake bondeni, kwenye ile barabara.

Kurudi

Njia ya kurudi ni ileile, na ugali ni uleule, kwa hiyo sitawachosha. Tofauti ni kwamba shemeji hakumsalimia abiria hata mmoja. Zambia nzima alitazama lami. Nilijaribu kumtania, akacheka kwa adabu tu, na hilo lilinitia wasiwasi kuliko kitu chochote.

Alifanya kampeni yake kwa miguu zaidi kuliko kwa maneno. Agosti ikafika, na mengine mnayajua. Wimbi lilizoa viti vyote sita. Bonde liligawanyika katikati. Nusu walisema mjomba ameridhika, nusu walisema barabara haijaridhika. Nusu haikutosha.

Alasiri ya matokeo nilikuwa kwa dada yangu. Mnajua nyumba ya aliyeshindwa inavyokuwa. Mwenyekiti wa kampeni alikuwa na mgonjwa, mweka hazina alikuwa na msiba, vijana wa nyimbo walikuwa wanasikika wanaimba nyumba ya pili kwa yule aliyeshinda. Tulibaki sisi watatu na masufuria ya pilau ya watu mia. Simu ya shemeji, ambayo kwa miezi ilikuwa haipumziki, ilikaa mezani kimya.

Ikalia mara moja. Ilikuwa Johannesburg. Kwa mazoea akaweka sauti ya wote wasikie.

"Nimepata habari," mjomba akasema. "Umeshindwa?"

"Nimeshindwa, mjomba."

"Pole. Mwezi ujao una kazi gani?"

"Sina."

"Basi njoo. Safari hii utakuwa umekuja kwangu."

Shemeji akaiweka simu kifuani akalia, na dada yangu akainuka akaenda kulitafuta sanduku.